Mwani wa Tanga na Damu ya Kaka Yangu

Siku gunia la mwani lilipofika Bukoba, karani wa bandarini alinizuia asubuhi nzima. Juu ya gunia mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi neno moja, MWANI, na chini yake jina la hospitali yetu. Kwetu Buhaya omwani ni kahawa. Nayo ilikuwa ile miaka ambayo kahawa ilivushwa kwa magendo kwenda Uganda, na aliyekutwa na gunia bila karatasi aliweza kulala ndani mpaka ndugu zake wakate tamaa. Karani aliliangalia gunia, akaniangalia mimi, kisha akamwita askari.

"Omwani unatoka Tanga kuja Bukoba?" askari akauliza. "Dada, huku ndiko inakolimwa. Nani anatuletea kahawa sisi?"

"Si kahawa, afande. Ni mwani. Majani ya baharini."

"Ya kazi gani?"

"Ya hospitali. Tunayapika."

Walicheka wote wawili. Askari akakata uzi, akatia mkono ndani, akatoa fungu la nyuzi zilizokauka, nyekundu zinazoelekea weusi, zimesokotana kama nywele zilizonyolewa. Zilinuka chumvi na kitu kingine ambacho mimi, mtoto wa ziwa lisilo na chumvi, sikuwahi kukinusa. Alizirudisha haraka akajifuta mkono kwenye suruali.

"Chukua dawa yako ya kienyeji uende," akasema.

Nilipomsimulia Mwalimu, alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo, kila nilipokosea kazini aliniita Bibi Kahawa.

Alikuwa mkuu wangu katika maabara ya hospitali ya misheni, huko Muleba. Mtu wa Tanga, mfupi, mwenye ndevu chache nyeupe kidevuni, aliyefika kwetu kabla ya vita vya Uganda, na ambaye hata ndege za adui ziliporusha mabomu hakuhama. Sikumwita Mwalimu kwa heshima tupu. Nilipoanza kazi sikujua hata kushika kioo cha darubini bila kuacha alama za vidole. Yote niliyoyajua aliniwekea yeye mkononi.

Aliagiza mwani kwa sababu agari ilikuwa imekwisha. Niseme kidogo agari ni nini. Bakteria aliyemo kwenye damu ya mgonjwa huwezi kumtambua vizuri kwa kumchungulia tu. Lazima umlishe, umwache azaane juu ya chakula kilichoganda ndani ya kisahani cha kioo, mpaka watoto wake waonekane kwa macho kama vitone. Hapo ndipo unaweza kumpima kwa dawa hii na ile ujue ipi inamuua. Chakula hicho hugandishwa kwa agari, unga unaotoka Ulaya kwenye makopo. Sasa ilikuwa miaka ya baada ya vita. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, betri za redio tulizianika juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Nani angekumbuka kutuletea agari?

"Unajua inatengenezwa kwa kitu gani?" Mwalimu aliniuliza siku ya kopo la mwisho.

"Sijui, Mwalimu. Kitu cha Wazungu."

"Wazungu wametia kwenye kopo tu. Ni mwani. Dada zangu wanaukanyaga kila siku wakienda kuokota chaza. Nitamwandikia mkubwa wao."

Akamwandikia dada yake, na dada yake akatuma gunia lile kwa treni mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza kwa meli.

Tuliupika nyuma ya maabara, kwenye mafiga matatu. Kwanza niliuloweka na kuubadilishia maji mara nyingi mpaka chumvi itoke, kisha nikauanika juu ya bati upauke. Tuliuchemsha na maji ya ndimu muda mrefu, tukauchuja kwa shashi mara mbili, tukatia mchuzi wa nyama, tukaupitisha kwenye sufuria ya mvuke ili kila chenye uhai kife, halafu tukaumimina kwenye visahani. Tulisimama tukiviangalia. Mwalimu aliinamisha kimoja. Hakikumwagika. Akakigonga kwa ukucha, kikatetemeka kidogo kama paja la mtoto mnene.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. Mimi nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Kwa karibu mwaka mzima tulifanya kazi kwa mwani wa Tanga.

*

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu kule Kashozi alikuwa yeye, hata kabla sauti yake haijakomaa. Vita vilipoanza nilikuwa mwanafunzi mjini Bukoba. Mji ulipokimbia, kila mtu na kitanda chake kichwani, yeye alikuja kinyume cha watu, kutoka Kashozi, akanitafuta mpaka akanipata nimekaa kwenye ngazi za bweni na sanduku langu. Alibeba sanduku, akanishika mkono kama mtoto, nami nilikuwa na miaka kumi na minane. Tulitembea hadi Muleba kwa jamaa za mama. Aliponifikisha, alikula ndizi sahani mbili, akalala siku nzima, kisha akaenda kujiandikisha mgambo.

Alirudi baada ya zaidi ya mwaka. Alirudi mzima, kwa maana ya mikono na miguu. Akaoa, wakapata binti. Lakini shamba lilimshinda kukaa. Alikuwa akipalilia migomba nusu ya asubuhi, halafu unamkuta amesimama, jembe chini, anatazama barabarani. Mwishowe alikwenda visiwani. Alianzia Bumbire, akahamia Goziba, huko mbali ambako hufiki ila kwa mtumbwi wenye mashine, akawa ananunua samaki kwa wavuvi na kuwaleta mwaloni, ufukweni panaposhushwa samaki, wakiwa wamekaushwa. Goziba ilijaa watu wa kila kabila ambao hawakuwa na mama zao karibu. Alikuwa akisema hivyo mwenyewe, kwa kucheka: "Kule hakuna mtu anayeniuliza nimekula nini."

Mara ya kwanza alipougua alikuja hospitalini akitembea mwenyewe. Homa siku tisa, kichwa, ulimi mweupe. Daktari alimtoa damu, nasi tukaiotesha. Siku ya tatu kisahani kilikuwa kimejaa vitone vilivyong'aa. Mwalimu alivipima akasema ni homa ya matumbo, na akataja dawa itakayoviua.

Kaka alitaka kuviona. Nilimleta maabara amejifunika blanketi la wodini.

"Hawa ndio wangu?" akauliza.

"Ndio wako."

"Wengi hivi!"

"Umewafuga vizuri."

Alicheka. Akainama tena, akatazama muda mrefu. "Tulikunywa maji ya mtaroni kule vitani," akasema. "Wenzangu wawili walikufa kwa kuhara, si kwa risasi. Kumbe walikuwa na vitu kama hivi tumboni. Mtu angekuwa na kisahani kama hiki..."

Alipona. Wiki ya tatu alikuwa anakula kuliko wauguzi. Alikwenda Kashozi kupumzika kwa mama, na mimi nilimwandikia mama barua nikimwomba amzuie asirudi Goziba. Baada ya mwezi mmoja nikasikia amerudi.

*

Katika miezi ile tulianza kupata wagonjwa ambao visahani vyetu havikuwa na la kusema juu yao. Walikuwa vijana: madereva, wachuuzi, wanawake wa mialoni, walimu. Walikonda mpaka shingo ikawa kama ya ndege. Watu waliuita ugonjwa huo kwa jina la shati lililovushwa kutoka Uganda, wakisema aliyelivaa bila kulilipia amerogwa na mchuuzi aliyedhulumiwa. Tulikuta vijidudu vya hapa na pale, daktari akavitibu, na baada ya mwezi mtu yule yule alirudi na vingine. Kwenye daftari Mwalimu aliandika "hakuna kilichoota" mara nyingi mpaka akawa anaandika herufi mbili tu. Hatukuwa na kipimo cha ugonjwa wenyewe. Hata jina lake tulilisikia redioni kama wengine wote.

Kisha nikaletewa habari kwamba wifi yangu, mke wa kaka, amefariki. Alikuwa amerudi kwa wazazi wake kuugua. Siku ile nilikuwa nimeloweka mwani kwenye beseni nyuma ya maabara, tayari kwa mapishi ya wiki. Nilivua koti jeupe, nikaomba ruhusa kwa Daktari, nikapanda lori kwenda Kashozi kwenye msiba. Beseni sikulikumbuka tena.

Nilikusudia kukaa siku tatu, nikakaa saba, kwa sababu ya kaka. Alifika matangani kutoka Goziba siku ya pili, na nilipomwona akipita kwenye migomba nilidhani ni mzee fulani wa ukoo ambaye simjui. Suruali alikuwa ameifunga kwa kamba. Mama alimwona pia. Hakulia. Alimtandikia nyasi mpya, akamkalisha, akaanza kumlisha kwa mkono wake mbele ya watu, naye kaka akakubali kulishwa. Binti yake alikuwa na miaka minne. Alimkimbilia, kisha akasimama hatua mbili mbele yake asijue kama ndiye.

Nilirudi naye Muleba. Daktari alimlaza kwa vidonda vya mdomo na udhaifu.

Asubuhi yake nikalikuta beseni. Maji yalikuwa mazito, yanavutika kama bamia, na mwani umelegea, ukiukamata unateleza kati ya vidole. Ulinuka. Nilijua haufai. Mtu yeyote angejua. Lakini ulikuwa mwingi, karibu robo ya uliobaki, na Tanga ni mbali, na kichwa changu kilikuwa wodini. Nikausuuza, nikauanika juu ya bati, na mvua ilipotaka kunyesha nikaukusanya kabla haujakauka vizuri, nikaurudisha kwenye gunia pamoja na ule mzima. Nikafunga mdomo wa gunia. Sikumwambia Mwalimu.

Siku ya kumi na moja homa ya kaka ilipanda ghafla, akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikalia. Daktari alitoa damu akaitia kwenye chupa yetu ya mchuzi, akaniletea mwenyewe mkononi. Kesho yake mchuzi ulikuwa umechafuka: bakteria wamo. Kilichobaki ni kuwahamishia kwenye kisahani na kujua ni nani na dawa ipi inawaua. Visahani vilikuwa vimekwisha. Nikapika vingine.

Havikuganda. Nilimimina, nikasubiri, nikainamisha kimoja, kikanimwagikia kifuani.

Mwalimu aliongeza mwani, tukapika tena. Safari hii viliganda, kwa shida. Tuliviweka mezani viwili viwili kuangalia usafi wake kabla ya kuvitumia, kama tulivyozoea. Siku ya pili niliona vina mashimo. Mashimo madogo ya mviringo, kama mchanga wa pwani ya ziwa matone ya kwanza ya mvua yanapouangukia, na chini ya kila shimo kitone kimekaa. Vingine vilikuwa vimeyeyuka hadi kwenye kioo.

Mwalimu alikichukua kimoja akakipeleka dirishani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua ile dawa yetu ya iodini, ya kupimia choo, akaimwagia juu. Kisahani chote kikawa rangi ya kahawia, ila kuzunguka kila kitone palibaki duara jeupe, safi, kama mwezi.

"Njoo uone," aliniita, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Niliambiwa habari zao chuoni, sijawahi kuwaona. Hawa ni wa baharini. Bakteria wetu sisi hawawezi kuila agari, ndiyo maana tunawafugia juu yake. Lakini hawa wanaishi juu ya mwani, mwani ndio ugali wao. Wanatoa enzaimu inayoukata, kipande kwa kipande, mpaka unakuwa sukari ya kunywa." Siku hizi vitabu vya shule huiita kimeng'enya; yeye alisema enzaimu. "Wamesafiri kutoka kwetu Tanga wakiwa wamelala kwenye chumvi kavu. Mtu akiwapa maji na joto, wanaamka."

Alipofika hapo akakiweka kisahani chini. Aliliendea gunia kwenye stoo, akatia mkono mpaka chini, akautoa ukiwa na utelezi. Harufu ikajaa chumba.

"Limeharibika lote," akasema. "Jeli tukiichemsha wanakufa, lakini walishaila kabla hatujaichemsha. Na vumbi lao limejaa humu ndani, linaanguka kwenye kila tunachomimina."

Nilijua nilichotakiwa kukiri, nami nikafunga tena mdomo wa gunia.

Daktari aliingia mchana kuuliza jibu la damu ya kaka yangu. Alikuwa mtu mrefu asiyepoteza maneno. Mwalimu alimwonyesha visahani.

"Imekuwaje?" Daktari akauliza. "Nani anaangalia gunia?"

"Mimi, Daktari," Mwalimu akasema. "Nililiacha likaloa. Kosa langu."

Daktari alivisukuma visahani kando. "Nina mgonjwa anayekufa," akasema, akatoka.

*

Tuliutazama mchuzi ule kwa darubini, tukaona vijiti vinavyoogelea, lakini vijiti hivyo vina ndugu wengi wanaofanana. Daktari alibahatisha kumpa dawa ile ya mara ya kwanza. Nusu ya chupa tuliifunga kwa pamba na kuipeleka kwa lori la misheni hadi Bukoba, ivuke ziwa kwenda hospitali kubwa. Mvua ilikuwa imekata barabara mahali pawili. Chupa iliondoka siku tatu baadaye.

Kila nilipopata nafasi nilikwenda wodini. Mama alikuwa amekuja, anapika nje chini ya banda la ndugu wa wagonjwa, anamletea uji na ndizi za kuponda. Kaka alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo lililonitesa.

"Dada," aliniuliza siku moja, mama akiwa nje. "Ni ule ugonjwa? Uliomchukua mama wa mtoto?"

"Hatuna kipimo chake."

"Sikuulizi kipimo. Nakuuliza wewe."

Nikamwambia, "Nadhani ndio."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Lakini homa hii ni ya wale wadudu wa kisahani, sivyo? Hii inatibika. Wale wangu wameota?"

Angeniuliza jambo jingine lolote ningemjibu ukweli, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimemjibu. "Wanaota taratibu," nikasema.

"Ukiwaona niambie."

"Nitakuambia."

Aliniuliza tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara nilimjibu hivyo hivyo. Siku ya nne hakuniuliza, akanishika tu vidole, vilivyokuwa na rangi ya zambarau ya kupakia vioo vya darubini. Alivitazama kana kwamba vina maana.

Alifariki siku ya sita, saa nne asubuhi. Niliitwa kutoka maabara nikakimbia, lakini mama alikuwa amekwisha kumfumba macho. Alikuwa anamfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani, kwa uangalifu, kama anayefunga mzigo wa safari ndefu. "Usipige kelele," aliniambia kwa Kihaya. "Kuna wagonjwa wengine humu."

Tulimzika Kashozi, kwenye kibanja chetu cha migomba, karibu na baba. Mwalimu alikuja, safari yote ile na magoti yake mabovu. Alisimama nyuma ya Wakatoliki wakiimba, kofia yake mkononi, kisha akashika jembe pamoja na vijana akafukia.

*

Jibu kutoka ng'ambo ya ziwa lilifika wiki tatu baadaye, karatasi moja iliyokunjwa. Mwalimu aliisoma akanipa. Bakteria wa kaka walikuwa wa jamii ile ile ya mwanzo, na dawa ambayo Daktari alibahatisha ndiyo iliyokuwa sahihi. Visahani vyangu vingekuwa vizima, jibu lingekuwa hilo hilo, na dawa ingekuwa hiyo hiyo. Ni mwili uliokuwa hauna tena nguvu ya kusaidiana na dawa.

Nilidhani ningepumua. Badala yake nilikaa sakafuni, kati ya meza na jokofu la mafuta ya taa, nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kwa wiki zile zote nilikuwa na kosa langu la kushika. Nilikuwa nimemuua, na mtu aliyeua anajua kwa nini mwenziwe amekufa. Sasa hata hilo nilinyang'anywa.

Mwalimu alivuta kigoda akakaa. Nikamweleza yote: beseni, utelezi, gunia.

"Nililiona beseni," akasema. "Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Nikasema mwenyewe atarudi atalimwaga. Magoti yaliniuma, sikuinama. Na nilipotia mkono guniani nikajua ulikoupeleka ule mwani."

"Kwa nini ulimwambia Daktari ni wewe?"

"Wewe ulikuwa na mgonjwa, mwanangu." Akainuka. "Na ambaye angeinama kidogo tu angeepusha haya ni mimi. Sasa nawa uso, kuna makohozi ya watu kumi na wawili hapa."

Gunia tulilichoma. Makopo ya agari yalikuja tena miezi kadhaa baadaye kwa njia ya misheni. Mwalimu alistaafu akarudi kwao Tanga, na dada yake ndiye aliyeniandikia alipofariki, kwa mwandiko uliokuwa mzuri kuliko wa kwake. Vipimo vya ugonjwa wenyewe vilipofika, mimi ndiye niliyefundishwa kuvitumia, na nikavitumia kwa miaka mingi. Niliwapima majirani, wanafunzi wenzangu, binamu zangu wawili. Nilijifunza kutoa jibu nikiwa nimekaa, si nimesimama. Sijawahi tena kumwambia mgonjwa kwamba jibu lake linakuja taratibu.

Binti wa kaka nilimlea mimi. Likizo nilimpeleka Kashozi kwa bibi yake.

Katika likizo moja ya hizo, mtoto akiwa tayari anasoma sekondari, nilikaa na mama jikoni tukimenya ndizi. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Nilimsimulia habari ya beseni na visahani, na jinsi nilivyomdanganya kaka mpaka mwisho. Mama hakujua mambo ya maabara, ilibidi nimweleze kwa maneno ya Kihaya ambayo hayapo, nikisema vidudu vya ziwa la chumvi vilivyokula chakula cha vidudu vingine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Miaka yote hii, Mawe," nikasema, nikimwita mama kwa Kihaya.

Aliweka kisu chini. "Ulipomponya mara ya kwanza alikaa hapa mwezi mzima," akasema. "Asubuhi moja aliamka akaniambia, 'Mama, Goziba sitaki kurudi. Nataka kupanda kahawa pale bondeni.' Mimi nikamwambia, mwanamume hakai nyumbani kama mwali wakati mke wake hana kanga. Nilimfungia chakula mwenyewe. Barua yako ilikuwa imefika jana yake, alinisomea mwenyewe kwa sauti."

Nje binti alikuwa anaita kuku, sauti yake nzito kama ya baba yake alipokuwa na umri ule.

"Alikuwa ameshaugua tayari, Mawe," nikasema. "Ugonjwa ule alikuwa nao kabla. Hata angebaki."

"Unaniambia hivyo wewe?"

"Nakuambia mimi. Ndiyo kazi yangu."

Sijui kama Mama aliniamini. Mimi niliyajua hayo kwa vitabu na bado sikuwa nimeyaamini kwa upande wangu. Alichukua kisu, akavuta mkungu karibu, akanisogezea nusu yake.

"Menya," akasema. "Mtoto ana njaa."